Ziara za wanafunzi wageni Dodoma: soko, Bunge, Kongwa au Kondoa?

Kuanzia Juni hadi Agosti, vyuo vya Marekani na Ulaya vikiwa kwenye likizo ndefu, Dodoma hupokea vikundi vya wanafunzi wanaokuja kujifunza Kiswahili, historia, siasa au mipango miji. Wapo wanaokaa wiki nne, wapo wanaofika nane. Asubuhi wako darasani, jioni wako kwa familia zilizowapokea, na siku za kutoka zinabaki chache: Jumamosi, pamoja na siku moja moja za katikati ya wiki. Ndiyo maana uchaguzi wa pa kwenda una uzito. Jumamosi iliyoliwa na barabara hairudi, na kundi likishapanda treni ya kurudi Dar es Salaam limeondoka.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni, na kipimo changu nakiweka mezani mapema: siku hiyo mwanafunzi atalazimika kumwambia nani nini, kwa mdomo wake mwenyewe? Mandhari ni jambo jema, na picha za kupeleka nyumbani ni jambo jema. Lakini mtu aliyevuka bahari kuja kujifunza, kisha akashinda nyuma ya kioo cha gari akisikiliza maelezo kwa Kiingereza, maelezo hayo angeyapata hata akiwa kwao. Kwa kipimo hicho nalinganisha hapa ziara nne ambazo waratibu huniuliza zaidi, na nyingine za pembeni ambazo zinasahaulika bila sababu. Nawaandikia waratibu, walimu wenzangu, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo Kikuu cha St John's na Chuo cha Mipango wanaoombwa kila mwaka kuwa wenzi wa wageni hawa.

Mjini kwa miguu, mpaka sokoni

Hii naiweka mbele ya zote, hasa wiki ya kwanza. Katikati ya Dodoma si pakubwa. Mtu mwenye afya anapazunguka asubuhi moja, na historia ya mji inaonekana barabarani. Anzeni stesheni ya zamani ya reli. Wajerumani waliuanzisha mji huu mwaka 1907 walipokuwa wakijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na reli ikafika hapa 1910. Maduka ya Uhindini, nyumba za misheni na masoko yakajipanga kuifuata. Kutoka hapo mnapita mitaa ya maduka, mnapumzika Nyerere Square, mnautazama Msikiti wa Gaddafi uliojengwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa 2010, na njiani mnakutana na wauza magazeti, mafundi viatu, mama lishe na vijana wa bajaji, ambao wote wana muda wa kuzungumza.

Penye faida yenyewe ni sokoni. Majengo au Sabasaba, lolote linafaa. Wagawe wanafunzi wawili wawili, kila jozi na mwenzi Mtanzania aliyeagizwa akae nyuma na asiwasemee. Kila jozi ipewe shilingi 5,000 na karatasi yenye vitu vinne: mlenda mkavu, uwele, karanga na ubuyu. Karatasi isiwe na picha wala maelezo. Kazi yao ni kutafuta, kuuliza, kupatana bei, kisha kurudi na kueleza kila kitu kinaliwaje.

Angalia kinachotokea mbele ya mama anayeuza nafaka. Mwanafunzi anaamkia, "Shikamoo mama," anajibiwa, "Marahaba mwanangu, karibu, nikupimie ngapi?" Papo hapo anagundua kuwa kilo alizofundishwa darasani hapa hazina kazi. Uwele unapimwa kwa sado, karanga kwa kopo, nyanya zimepangwa mafungu. Pesa aliyoishika haitoshi sado nzima ikibaki ya vitu vingine, kwa hiyo inabidi aulize nusu sado ni bei gani, apige hesabu kichwani kwa Kiswahili, na aamue. Akishapimiwa, mwenzi wake anamnong'oneza aombe nyongeza. "Mama, niongezee basi." Kiganja kimoja kinamiminwa juu ya kipimo, na wote wawili wanacheka. Akifika kwa muuza mlenda na kuuliza unapikwaje, anapewa somo lote kwa pumzi moja: chemsha maji, tia magadi kidogo, nyunyiza huku unapekecha, mwisho weka karanga ulizosaga, na usifunike sufuria. Hakuna zoezi la vitenzi vya kuamuru nililowahi kulitunga ambalo linakaa kichwani kama hilo.

Kingine kinachoipa ziara hii uzito ni kwamba inarudiwa. Kongwa mtakwenda mara moja. Kondoa mtakwenda mara moja. Sokoni mwanafunzi anaweza kurudi Jumamosi ijayo peke yake, kwa mama yule yule, ambaye sasa anamjua kwa jina na anamuuliza ule mlenda ulikuwaje. Uhusiano huo ndio unaomtoa mtu kwenye Kiswahili cha kujitambulisha na kumpeleka kwenye Kiswahili cha kuulizana habari. Gharama nayo ni nauli ya daladala tu, na daladala yenyewe ni sehemu ya somo. Msikodi gari kwa ziara ya mjini. Mwanafunzi asiyejua kumwambia konda "shusha hapo mbele" atapitilizwa kituo, na kesho yake atakuwa amejua.

Udhaifu upo. Wanafunzi wa historia wakipelekwa stesheni bila mtu wa kuwaeleza, wataona jengo kuukuu na kupita. Tafuteni mzee aliyefanya kazi reli au mwalimu wa historia awasubiri pale. Pia wapo wageni wanaochoshwa haraka na kuitwaitwa sokoni; wazungumzieni jambo hilo usiku uliotangulia, na waambiwe simu ikae mfuko wa mbele. Wasipige picha za watu bila kuomba. Muuzaji akiombwa vizuri mara nyingi hukubali. Akinyimwa nafasi ya kukataa, hukasirika, na ana haki.

Bunge na Mji wa Serikali

Tofauti ya kwanza hapa ni kalenda, na waratibu wengi wa nje hawaijui wanapopanga tarehe. Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili na kufungwa mwishoni mwa Juni. Kundi linalofika wiki ya kwanza ya Juni linalikuta Bunge likiwa motoni, na huenda likawa mjini siku ya hotuba ya bajeti kuu. Kundi linalofika Julai linakuta jengo. Kama mnaandaa programu ya wanafunzi wa siasa na tarehe bado hazijafungwa, wahini, kila kitu kianze wiki mbili tatu mapema zaidi kwa ajili ya jambo hili moja. Linastahili.

Kikao cha asubuhi huanza saa tatu kwa dua, kisha maswali kwa mawaziri. Kwa anayejifunza lugha, maswali hayo yana faida moja kubwa: muundo wake hujirudia. "Mheshimiwa Spika, je, Serikali ina mpango gani wa kujenga barabara ya kutoka…" Waziri husimama, hujibu, mbunge huomba maswali mawili ya nyongeza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, akiwa amepewa siku moja kabla orodha ya misemo ya bungeni kama kutoa taarifa, kuhusu utaratibu na kuunga mkono hoja, atafuata zaidi ya anavyotegemea, kwa sababu akipotea kwenye swali moja anadaka linalofuata. Alhamisi, yakiwepo maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, lugha inakuwa ya kasi zaidi na changamfu zaidi. Wageni walioko jukwaani hutambulishwa, wakasimama na kupigiwa makofi. Nimeona wanafunzi wakilizungumzia hilo wiki nzima.

Kwa kipimo changu, hata hivyo, siku hii ina upungufu: mwanafunzi anasikiliza tu, hasemi. Kinachoiokoa ni saa moja ya baadaye. Kaeni mahali na chakula, kila mmoja achague swali moja alilolisikia na alisimulie kwa wenzake: mbunge wa wapi, aliuliza nini, alijibiwa nini, aliridhika au la. Bila saa hiyo, ziara ya Bunge inabaki kumbukumbu ya makofi.

Maandalizi ni ya kweli pia. Barua ya maombi iende mapema, majina na namba za pasipoti ziwe tayari, mavazi yawe ya heshima, na wanafunzi wajue kuwa simu na mabegi havitaingia ukumbini. Na ni siku ya kazi, kwa hiyo darasa lazima liahirishwe.

Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, mara nyingi huunganishwa na siku hiyo kwa kuwa uko barabara ya Dar es Salaam, mashariki ya mji. Hapa natofautiana na waratibu wengi. Kwa wanafunzi wa lugha, Mtumba ni barabara pana na majengo ya wizara yenye mageti. Watapiga picha kwa mbali, wapite, na hawatazungumza na mtu yeyote isipokuwa mlinzi. Kwa wanafunzi wa mipango miji habari ni nyingine, mradi wasianzie hapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango mkuu wa kwanza ulikamilika 1976, ukiandaliwa na kampuni ya Toronto nchini Kanada, na ulifikiria mji wa vitongoji ambamo watu wangetembea kwa miguu kwenda shule, sokoni na kazini. Utekelezaji ukasuasua kwa miongo. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli, Mei 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakaenda halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Hadithi hiyo inasomeka vizuri zaidi kwa miguu, mkitoka Area C yenye viwanja vilivyopimwa na barabara zilizonyooka, mkaenda Chang'ombe ambako watu walijenga bila kusubiri kupimiwa. Pigeni hodi ofisi ya serikali ya mtaa, mwelezeni mwenyekiti mnachojifunza, na mumuombe mtu wa kuwatembeza. Mwanafunzi akiuliza mwenye nyumba alipataje kiwanja, maji yalifika lini na njia ya gari iliishia wapi, amepata katika uwanja mmoja wa nyumba kile ambacho Mtumba hakitampa kwa siku nzima. Baada ya hapo mpelekeni Mtumba kwa saa moja, naye atajua anatazama nini.

Kongwa

Kama ningeruhusiwa ziara moja tu ya nje ya mji, na kundi liwe la historia, ningechagua Kongwa bila kusita. Inanisikitisha kuona magari ya vikundi yakipita Mbande, penye njia panda ya Kongwa, kila mwaka bila kukata kona.

Kongwa ina tabaka mbili za historia juu ya ardhi ile ile. Ya kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikakusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa ajili ya karanga, Kongwa ikiwa kituo cha mwanzo. Walileta matrekta yaliyotumika vitani, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na mizizi ya vichaka ikavunja majembe. Udongo wenye mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazikuchimbika. Mvua, ambayo Mgogo yeyote angewaambia ni ya kubahatisha, haikuja walivyoipangia. Mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Kwa mwanafunzi wa masuala ya maendeleo sijui somo lililo wazi kuliko hilo: mpango mkubwa uliochorwa mbali na watu waliokuwa wakilima hapo hapo uwele na mtama kwa vizazi.

Tabaka la pili lilikuja kukalia mabaki ya lile la kwanza. Kuanzia 1964, Tanganyika ikiwa huru na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikiwa Dar es Salaam, eneo lililoachwa na mradi wa karanga likageuka kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Chris Hani, aliyekuja kuwa kiongozi wa wapiganaji wa ANC, aliishi hapa. Wapo waliofia hapa na kuzikwa hapa. Wakazi wa Kongwa waliishi jirani nao, wakauziana vyakula, wakacheza nao mpira, na wengine wakaoana nao. Kwa hiyo kuna familia ambazo historia ya kusini mwa Afrika iko kwenye ukoo wao, na wazee ambao bado wanaweza kusimulia walichokiona kwa macho.

Wazee hao ndio ziara yenyewe, na ndio ugumu wake. Bila wao mtaona majengo machache, uwanja na makaburi. Mkiwapata, mwanafunzi anakaa kwenye kigoda chini ya mti na kuuliza maswali yake kwa Kiswahili, akijibiwa taratibu na mtu ambaye hana haraka. Hilo linataka maandalizi ya wiki kadhaa: barua ya utambulisho kwa halmashauri, taarifa kwa serikali ya kijiji, mwenyeji wa kuwaarifu wazee, na makubaliano ya wazi kuhusu asante yao. Wanafunzi wafundishwe kuamkia kwa Kigogo. "Mbukwenyi" moja tu, ikitamkwa kwa heshima na kwa mikono miwili, hufungua mazungumzo kuliko zawadi. Wajue pia mpaka wao: mazungumzo ya kujifunza ni jambo moja, na kukusanya habari za kuchapisha ni utafiti, ambao mgeni huufanya akiwa na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mzee asirekodiwe bila kuulizwa.

Kwa kiwango cha lugha, Kongwa inamtaka mwanafunzi aliyefika kwenye kusimulia kwa wakati uliopita. Wanaoanza watahitaji mkalimani, na mkalimani hula nusu ya muda. Umbali ni wa kwenda na kurudi siku moja bila kujichosha. Mkitaka kuongeza kitu, kuanzia Juni mavuno yanapoingia, nendeni pia Kibaigwa, kwenye barabara kuu ile ile, mkaone soko la mahindi: malori, mizani, vibarua wa kupakia, na madalali wanaojua bei ya kila mkoa. Saa moja pale inawatosha wanafunzi wa uchumi. Wa historia wabaki Kongwa.

Kondoa

Hii ndiyo inayoombwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vitabu vya wasafiri. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, na iliyo rahisi kufikika iko jirani na kijiji cha Kolo, kando ya barabara ya Babati. Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono. Kuna michoro myekundu ya watu warefu wembamba, twiga na pofu, inayohusishwa na wawindaji na waokota matunda, na kuna myeupe iliyochorwa baadaye na wakulima na wafugaji. Uzuri wake hausemeki. Mtu akisimama chini ya ule mwamba akaona mkono wa binadamu wa zamani ukiwa umekusudia kila mstari, anaguswa, awe ametoka Kondoa au ametoka Chicago.

Jambo ambalo vitabu vya wasafiri hulipitia juu juu ni kwamba mahali hapo panaishi. Wenyeji bado huenda kwenye baadhi ya mapango, hasa Mungomi wa Kolo, kwa tambiko za mvua na uganga. Mwanafunzi wa dini au anthropolojia akielekezwa kuuliza kuhusu hilo kwa adabu, anapata siku tofauti kabisa na yule aliyekwenda kuhesabu twiga.

Lakini pimeni. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 180 kwenda tu. Lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa 2018, imerahisisha sana. Hata hivyo ni saa tatu kwenda na tatu kurudi, pamoja na kupanda vilima juani. Katika siku ya saa kumi na mbili, nusu ni gari. Waongozaji wamezoea kuwaeleza wageni kwa Kiingereza, na gari la kukodi linawafungia wanafunzi pamoja, wakizungumza lugha yao. Hii ndiyo ziara yenye picha nyingi na sentensi chache.

Ina dawa, mkikubali gharama yake: laleni Kondoa. Ondokeni Ijumaa baada ya darasa, usiku mle na kuzunguka Kondoa mjini miongoni mwa Warangi, asubuhi mpande Kolo kabla ya jua kali, na mwombeni mwongozaji tangu kwenye simu aeleze kwa Kiswahili. Atafurahi, maana ni mara chache anaombwa. Wanafunzi wa mazingira waonyeshwe pia makorongo ya mmomonyoko wa vilima vya Irangi, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa ili ardhi ipone. Wakazi wana maoni yao kuhusu uamuzi ule, na maoni hayo yanafaa kusikilizwa. Kwenye michoro yenyewe, sheria ni moja: hakuna kugusa, hakuna kumwagia maji ili rangi zing'ae kwenye picha. Wanaofanya hivyo wanafuta kitu ambacho hakuna wa kukirudisha.

Za pembeni

Mnada wa Msalato, Jumamosi, ni mzuri kwa kundi lililokwisha kuzoea soko la mjini. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, na nyama inayochaguliwa mbichi, ikapimwa, ikachomwa mbele yako. Kuna vumbi, kuna walevi ikifika jioni, na asiyekula nyama atapata tabu. Nendeni saa tatu asubuhi, ondokeni saa nane mchana.

Mashamba ya zabibu ya Makutupora, Mpunguzi au Hombolo yaachieni kundi linalobaki hadi Agosti, mavuno ya pili ya mwaka yanapoiva. Kabla ya hapo mtaona matawi.

Nane Nane ndiyo inayonifanya niwaombe waratibu wasiwaondoe wanafunzi mwishoni mwa Julai. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya Nzuguni vinajaa wakulima, wafugaji, taasisi za utafiti, wauza mbegu, magereza, JKT na vyuo. Fikirieni: uwanja mzima wa watu waliokuja kwa kusudi la kueleza jambo kwa yeyote atakayesimama mbele yao. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye sokoni anaona anamchelewesha mama wa watu, hapa anaitwa yeye aje asikilize. Anasikia maelezo ya kuku wa kienyeji kwenye banda moja, anakwenda banda la pili anayasikia tena kwa maneno mengine, na la tatu anaweza kuuliza swali la maana. Sijaona mahali pengine katika kanda ya kati ambapo mwanafunzi wa mwezi wa pili anapiga hatua kubwa hivyo kwa siku moja. Kiingilio na daladala ndizo gharama zake.

Kundi lenye viwango tofauti

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa mwisho, na mara nyingi limeshachelewa. Kundi moja lina mwanafunzi aliyesoma Kiswahili miaka mitatu na mwingine aliyejifunza "habari" ndani ya ndege. Kuwapeleka wote Kongwa ni kumpotezea wa pili siku. Kuwaacha wote sokoni wiki tano ni kumchosha wa kwanza. Wagawanyeni bila kuona haya. Jumamosi ile ile, watano au sita wenye lugha waende Kongwa kwa Noah moja na mwalimu mmoja, waliobaki warudi Majengo na wenzi wao wakiwa na karatasi ngumu zaidi, kwa mfano kutafuta vitu vya kupikia chakula cha jioni cha watu wote. Walioenda Kongwa wakirudi, wanasimulia wakati wa kula, kwa Kiswahili, na waliopika wanaruhusiwa kukatiza na kuuliza kila wasipoelewa.

Bunge na Kondoa ndizo ziara zinazobeba kundi zima bila kuligawa, kwa kuwa kila mmoja anachukua kwa kadiri yake. Kwa hiyo kundi la Juni liwekeeni Bunge wiki ya pili au ya tatu, masikio yakiwa yameanza kufunguka, na Kondoa ikae wikiendi ya mwisho kabisa. Gari la Kondoa likodiwe mapema: mwishoni mwa Juni Dodoma imejaa wageni wa Bunge, na Coaster nzuri hupotea mjini wiki mbili kabla.